Matunda ya Kufungwa kwa Uzi

Njia ya kwenda Matundani msiniulize mimi. Wapo waliofika kwa homa, wapo waliofika kwa kusinzia katikati ya mahubiri, na wote waliorudi hubishana juu ya njia mpaka wakanuniana. Ninachokijua ni kwamba Zebedayo Mlacha, bwana shamba mstaafu wa kule Upareni na mzee wa kanisa kwa miaka ishirini na miwili, alifika huko Alhamisi moja asubuhi akiwa na kofia yake ya pama, fimbo, na maoni juu ya kila kitu.

Kitu cha kwanza alichokiona kilimuudhi. Mbele ya kila nyumba palisimama mti mmoja, na kila mti ulikuwa umesheheni matunda hadi matawi yameinama. Hilo lenyewe lisingemuudhi mtu. Lakini mti uliokuwa karibu naye ulikuwa mpera, na juu yake yalining'inia maembe, machungwa na papai moja kubwa lililokuwa linataka kuvunja tawi. Mtu aliyefundisha kilimo kwa miaka thelathini na miwili hawezi kuona papai juu ya mpera akapita kimya. Zebedayo alisogea, akavaa miwani, akaona kwamba kila tunda lilikuwa limefungwa kwa uzi wa kijani, fundo safi, ncha zimekatwa kwa mkasi.

Alicheka mpaka akakaa chini.

"Karibu, mgeni," ilisema sauti kutoka juu ya ngazi. Alikuwa mwanamke wa makamo, uzi mdomoni, mkasi umening'inia shingoni. Jina lake Bi Trifena, na kazi yake ilikuwa kuwafungia watu matunda. "Unacheka nini, baba?"

"Mama, papai halikai juu ya mpera."

"Mbona limekaa?" Bi Trifena alilionyesha kwa mkasi. "Nimelifunga mwenyewe asubuhi hii."

"Nasema haliwezi kuota hapo."

"Nani kasema limeota?" Bi Trifena alishangaa kwelikweli. "Matunda hayaoti, baba yangu. Matunda hufungwa. Kwenu hamfungi?"

"Kwetu yanaota."

Bi Trifena alimtazama kwa huruma, kama aliyemsikia mtu mzima akisema watoto hununuliwa sokoni. Kisha akashuka, akamkaribisha chai, maana watu wa Matundani ni wakarimu hata kwa wajinga.

Hapo ndipo Zebedayo alipoelezwa desturi za nchi. Kila mtu akibatizwa, hupandwa mti kwa jina lake. Kila Jumapili, kabla ya ibada, Mkaguzi Mkuu hupita mtaa kwa mtaa na kuandika hali ya matunda katika kitabu kikubwa, na cheo cha mtu, kiti chake kanisani na hata umbali atakaozikwa kutoka kwenye mlango wa kanisa hutegemea kitabu hicho. Matunda yenyewe hutoka ng'ambo ya mto, kwa watu ambao Matundani huwaita Wasiojua, kwa kuwa hawana idara ya ukaguzi wala kamati. Wasiojua huleta vikapu kila Jumatano. Hakuna aliyewahi kuuliza Wasiojua huyapata wapi.

Tunda la kufungwa halidumu. Likifungwa Alhamisi, Jumapili linapendeza, Jumatatu linasinyaa, Jumanne linaanguka. Ndiyo maana inzi wa Matundani ni wanene, na wana utulivu wa watu wenye ajira ya kudumu.

"Na hiki ni nini?" Zebedayo aliuliza, akionyesha kitambaa kilichozungushiwa sehemu ya chini ya mti. Kilikuwa na marinda na lesi.

Bi Trifena alishusha sauti. "Gauni la shina. Usilitazame sana, baba, watu wanapita."

Akafahamishwa kwamba katika nchi ile hakuna tusi kubwa kama kulizungumzia shina la mtu. Mizizi ni siri. Kuchimba karibu nayo ni aibu, na kuitia samadi ni jambo ambalo hata walevi hawalitanii. Mtu mmoja tu ndiye aliyefanya kazi hiyo. Alipita mitaani na toroli lake akiwa amevaa buti za mpira, akiuliza kila mlango kama ahitajika, na kila mlango ukafungwa. Watu walimwita Mbeba Samadi, nao walimtambua kwa pua kabla ya macho.

Jioni ile Baraza la wazee wa Matundani lilikutana, na mgeni akaalikwa kusikiliza. Hoja ilikuwa ni uzi. Wakijani walisema uzi ufanane na kikonyo ili usiwakwaze walio dhaifu wa imani. Wakatani walisema kuuficha uzi ni unafiki. Uzi uwe wa katani, mnene, uonekane toka barabarani, ili jirani ajue kwamba umefunga kwa bidii. Mjadala huo ulikuwa na umri wa miaka kumi na tisa. Mjumbe mmoja aliyewahi kupendekeza gundi alifukuzwa, naye akaenda kuanzisha dhehebu lake upande wa pili wa barabara, lenye vipaza sauti vikubwa zaidi.

Zebedayo alivumilia saa moja, na kwake hiyo ilikuwa kama kufunga siku arobaini. Kisha akasimama.

"Ndugu wajumbe, mnapoteza wakati. Uzi wote ni uzi. Vueni hayo magauni, chimbeni mashina, tieni samadi, mngoje. Wahenga wanasema mficha uchi hazai!"

Akina mama waliziba masikio. Mzee mmoja wa safu ya mbele aliomba maji. Mkaguzi Mkuu, bwana mwembamba aitwaye Epafra, aliyekuwa na miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kwenye paji la uso, aligonga meza.

"Mgeni, humu ndani kuna watu waliooana kwa heshima zao. Shina la mtu ni lake na Muumba wake. Sisi hatuchimbi. Sisi tunakagua."

"Mimi nimechimba mashina ya watu miaka thelathini na miwili!"

"Ya watu," alisema Epafra taratibu, akafungua kitabu. "Jina lako nani?"

"Zebedayo Mlacha."

"Umebatizwa?"

"Nikiwa na wiki sita."

"Basi una mti hapa. Kila aliyebatizwa, popote alipo, ana mti hapa." Kidole chake kilishuka polepole kwenye ukurasa. "Mtaa wa nne, mti wa kumi na saba. Twende tukajifunze kwa fundi."

Zebedayo hakuogopa. Tuseme kweli, alifurahi. Akiwa njiani, nusu ya Baraza ikimfuata, alikuwa tayari anaukadiria mti wake. Miaka ishirini na miwili ya uzee wa kanisa. Kwaya mbili alizozianzisha. Mnara wa kengele aliousimamia mpaka msalaba ukakaa juu. Mikesha, mazishi, semina za ndoa. Alitarajia mti ambao itabidi uegemezwe nguzo, na alikuwa ameshatunga maneno ya unyenyekevu ya kusema watakapoustaajabia.

Mti wa kumi na saba ulikuwa na majani. Hilo lisikataliwe, majani yalikuwepo, mapana, mengi, yenye kelele upepo ukipita. Tunda hapakuwa na hata moja. Lakini kwenye matawi, toka chini hadi juu, zilining'inia nyuzi tupu, mamia kwa mamia, nyingine mpya na nyingine zimeoza kwa mvua, mpaka mti ukaonekana una ndevu.

"Nani kafunga hapa?" Zebedayo aliuliza.

"Wewe, mzee," alisema Epafra. "Hatujui huko kwenu hufunga saa ngapi. Ila kila Jumapili asubuhi tunakuta matunda mapya, na kila Jumanne yamekwisha kuanguka. Umepata alama za juu miaka yote."

Zebedayo alishika uzi mmoja. Fundo alilijua. Lilikuwa fundo la kufungia mbuzi, lile ambalo baba yake alimfundisha akiwa na miaka saba. Nyani alikuwa ameliona kundule, na kuliona mbele ya kadamnasi kulimuuma.

"Ukaguzi ni Jumapili hii," Epafra aliendelea, bila ubaya. "Sasa uko hapa, kwa hiyo hakuna wa kukufungia kutoka kwenu. Mti ukikutwa mtupu, jina la mwenyewe husomwa kwenye ngazi za kanisa mbele ya watu wote, naye hutolewa nje ya nchi. Ndiyo sheria."

Ijumaa asubuhi yule aliyecheka mpaka akakaa chini alikuwa ameshika ngazi ya Bi Trifena.

"Machungwa, mama. Na maembe kiasi. Usiweke papai."

"Na zabibu?"

Zebedayo alifikiri. "Zabibu kidogo."

Bi Trifena alikuwa mtu mwema, hakumkumbusha la jana. Lakini Zebedayo akiwa pale chini hakuwa na la kufanya ila kutazama majani, na macho yake yalikuwa ya kazi. Yale mapana yalikuwa yameungua kingo. Ncha za matawi zilikuwa zimejikunja. Angeyaona hayo shambani kwa mkulima yeyote angesema bila kufikiri: kuna kitu kinabana mzizi mkuu, chimba hapa. Mganga hajigangi. Alizitazama ncha zile akajua, na kadiri alivyojua ndivyo alivyoishika ngazi kwa nguvu zaidi.

Toroli lilisikika likija, gurudumu lake likilia. Bi Trifena akajifunika pua kwa ncha ya kanga.

"Hodi," alisema Mbeba Samadi. Alisimama nje ya ua kabisa, hakuukanyaga. "Nichimbe?"

"Hapana," alisema Zebedayo.

"Haya." Akainua toroli.

"Ngoja." Zebedayo alikohoa. "Unachimba kiasi gani?"

"Mpaka nifike."

"Na watu wakiona?"

"Wataona. Mimi huchimba mchana, mzee. Gizani nitakukata mizizi."

Zebedayo alitazama mtaa. Mapazia yalikuwa yameanza kusogea. Akamtazama Bi Trifena juu ya ngazi, chungwa mkononi, uzi mdomoni, na moyo wake ukachoka, ukachoka na machungwa, na kwaya, na mnara. "Shuka, mama," alisema. "Wewe, ingia."

Lesi ilipotolewa, dirisha la jirani lilifungwa kwa kishindo. Jirani wa upande wa pili aliwaita watoto ndani, kisha akarudi mwenyewe kuchungulia. Mbeba Samadi alipiga jembe bila haraka, akitoa udongo kwa mkono pale alipokaribia mzizi. Harufu ya toroli ilitanda.

"Wewe haikusumbui?" Zebedayo aliuliza, leso puani.

"Nilizaliwa zizini."

Jembe likagonga. Chini ya mzizi mkuu palikuwa na jiwe jeusi, la ukubwa wa kichwa cha ndama, na mzizi ulikuwa umelizunguka mpaka umepinda. Zebedayo akaruka shimoni kulivuta. Halikutikisika.

"Halitoki kwa mikono," alisema Mbeba Samadi. "Liite kwa jina lake."

"Ni hasira zangu," alisema Zebedayo upesi. "Nina hasira za karibu, kila mtu anajua."

Jiwe likabaki.

"Basi ni uchovu. Majukumu yalikuwa mengi."

Jiwe likabaki.

"Ni bidii yangu kwa nyumba ya Bwana! Labda nimezidisha bidii."

Jiwe likazama kiganja kizima. Mti ukatetemeka, na jirani aliyekuwa anachungulia akasema "Mh!" kwa sauti.

"Lingine kama hilo," alisema Mbeba Samadi, "na tutahitaji ngazi."

Zebedayo alikaa kwenye ukingo wa shimo, kofia mapajani. Alikuwa na mdogo wake, Elinami, ambaye hakuwa amesemezana naye kwa miaka kumi na moja. Usharika mzima ulijua sababu: Elinami alichukua mke bila ndoa ya kanisani, akatengwa, na aliyesimama madhabahuni kulisoma jina lake alikuwa kaka yake mwenyewe. Watu walimsifu Zebedayo kwa hilo. Huyu, walisema, hana upendeleo. Hiyo ndiyo sababu iliyojulikana.

"Mama yetu aliugua miezi minne," alisema, na hakuwa akimwambia mtu. "Nilimwogesha mimi. Nilimlisha mimi. Siku mbili za mwisho hakuniita mimi. Aliita, 'Mwiteni Elinami.' Nikamwambia, nimeshatuma mtu, mama, yuko njiani. Elinami alikuwa vilima viwili tu mbele, na aliyejua alipo ni mimi tu. Mama akawa anautazama mlango." Alipangusa uso kwa kofia. "Sikutuma mtu. Nilimwonea Elinami wivu. Nilitaka mama akitazama anione mimi. Na Elinami alipofika tumeshazika nikamwambia, hatukujua pa kukupata."

Kando ya ngazi, Bi Trifena alikuwa ameacha kufunika pua.

Jiwe liligeuka shimoni kwa mlio mdogo. Likainuka nusu, mzizi ukalegea, kisha likasimama.

"Mbona halitoki lote?" Zebedayo alilia. Alikuwa analia kweli sasa, mzee mzima, na hakujali dirisha la nani.

"Nusu nyingine haiko hapa," alisema Mbeba Samadi. "Iko nyumbani kwa Elinami. Mimi nimeshaishikilia kwa upande huu." Kisha akamwaga toroli lote shimoni, samadi mbichi ya wiki ile, na kumkabidhi Zebedayo jembe afukie mwenyewe.

Jumapili ilifika. Mtaa wa nne ulijaa watu waliovaa vizuri na kusimama mbali. Epafra alizunguka mti wa kumi na saba mara mbili, akibadilisha miwani, akaandika kwa muda mrefu. Kisha kwenye ngazi za kanisa, kengele ikiwa imenyamaza, alisoma.

"Zebedayo Mlacha. Tunda: hakuna. Gauni: hakuna. Harufu: ipo. Atolewe."

Zebedayo alisikia jina lake likipita juu ya vichwa vya watu na vichwa vikigeuka kulitafuta. Alikuwa amesoma majina namna ile miaka mingi, kwa sauti ya kupendeza, na hakuwahi kujua kwamba yule anayesomwa hajui pa kuweka mikono yake. Siku aliyosomwa yeye, Elinami alisimama safu ya nyuma akiwa na shati jeupe. Zebedayo alilikumbuka shati hilo kwa mara ya kwanza, akaona aibu iliyo safi, isiyo na uzi wowote.

Epafra mwenyewe ndiye aliyemsindikiza mpakani, kama sheria itakavyo. Walipofika, Mkaguzi Mkuu aliangalia nyuma, akaangalia upande, akavua miwani yote miwili.

"Yule bwana wa toroli," alisema kwa sauti ndogo. "Hupatikana siku gani?"

"Anapita kila siku."

"Mchana tu?"

"Mchana tu."

"Lo," alisema Epafra kwa huzuni, akarudi kazini.

Alipoamka, au aliporudi, vyovyote mtakavyo, Zebedayo hakwenda kwake. Alishika njia ya vilima viwili, na njiani akawa anatunga. Atasema mambo matatu. La kwanza, hali ya wazazi na wajibu wa wana. La pili, udhaifu wa binadamu. La tatu, umuhimu wa maridhiano, na hapo ataweka neno kutoka Wakolosai, kisha wafunge kwa sala. Aliyarudia mara nne, na yalikuwa mazuri sana.

Mlango ulifunguliwa na Elinami mwenyewe. Alikuwa amepata mvi. Hilo Zebedayo hakulitarajia, na mambo yote matatu yakadondoka kizingitini moja baada ya jingine.

"Mchungaji kakutuma?" aliuliza Elinami.

"Hapana."

"Umesikia naumwa?"

"Hapana. Unaumwa?"

"Siumwi."

"Elinami," alisema Zebedayo, "mama alikuita. Siku mbili. Nilimwambia nimetuma mtu, na sikutuma. Nilikuwa na wivu. Ulipofika nikakudanganya. Ni mimi."

Elinami aliufunga mlango, si kwa kishindo, akaufunga tu kama mtu anayefunga mlango wake. Zebedayo alibaki pale nje. Alifikiri kuondoka, na miguu ikakataa. Kuku walipita, wakamkagua, wakaenda zao. Jua lilitoka kwenye bega moja likahamia jingine.

Mlango ukafunguka tena. Macho ya Elinami yalikuwa mekundu.

"Alisemaje? Sema kama alivyosema yeye."

"Alisema, 'Mwiteni Elinami, nataka kumsikia akicheka.'"

Elinami alishika mwimo wa mlango. Alikaa hivyo muda mrefu, na kaka yake hakusema neno lolote la faraja, ingawa alikuwa anayajua mengi. Mwishowe Elinami alisogea kando, akaacha nafasi ya mtu mmoja kupita.

"Vua viatu, kaka," alisema. "Shemeji yako ametoka kupiga deki sasa hivi."